Chokoleti Iliyonuka Dagaa

Swali mnaloniuliza sana nyinyi vijana, kuliko hata kuniuliza hali, ni hili: "Mama Wakesho, hapa Kampala chokoleti nzuri hasa inapatikana wapi?" Mnaniuliza tukitoka kanisani. Mnaniuliza kwenye matanga, mtu hajazikwa bado. Na kuna mmoja wenu, simtaji, alinipigia simu akiwa amesimama dukani, mchumba wake yuko nje anamsubiri, sauti inamtetemeka kama mtu anayeposa papo hapo. Nilimwambia amnunulie viatu.

Msidhani nilikuwa nikikwepa kwa ujeuri. Jibu sikuwa nalo. Mimi niliyefanya kazi ya chokoleti mjini humu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi ti, nilistaafu nikiweza kuwaonyesha chokoleti ya wastani katika maduka kumi, lakini ile ya kukufanya unyamaze nilikuwa sijui tena inakotoka. Mtu aliyejua kuifanya nilimharibia jina mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu huu, naye hakuwa na kosa. Sasa jibu ninalo na nitawapa. Ila mtalipata pamoja na aibu yangu, maana nikiwapa moja bila nyingine nitakuwa nimedanganya mara ya pili.

Kwanza nifundishe, maana ndiyo mazoea yangu. Ukiingia dukani usitazame karatasi inayong'aa. Tazama majirani. Chokoleti ni kama mtu asiyejua kukataa mgeni: ukiiweka karibu na sabuni itanuka sabuni, ukiiweka karibu na dawa ya mbu itanuka dawa ya mbu, na ukiifungia kwenye friji pamoja na kitunguu kilichokatwa, kesho utakula kitunguu chenye sukari. Halafu igeuze usome nyuma. Kama mafuta ya mawese yametajwa kabla ya kakao, hiyo ni peremende iliyopakwa rangi, irudishe kwa heshima. Ukiruhusiwa kuonja, ivunje karibu na sikio. Nzuri inalia ka! Mbovu inajikunja tu kimya kimya. Iweke ulimini, usiitafune. Jamani, mbona mna haraka hivyo? Iache iyeyuke yenyewe, umeze, halafu usubiri kidogo. Chokoleti nzuri husema neno lake la mwisho ukishameza.

Haya sikuzaliwa nayo. Mimi ni mtu wa Wundanyi, kule Taita, na utotoni chokoleti niliijua kama kitu wanacholeta watu walioshuka kwenye ndege. Nilikuja Kampala nikimfuata mume wangu, aliyepata kazi kwenye maghala ya Nakawa, nami nikaajiriwa katika duka moja la mjini lililouza chokoleti za ng'ambo. Wiki ya kwanza nikazipanga dirishani, zikatazamana vizuri na jua la saa nane. Asubuhi moja nikazikuta zimeota weupe kama kichwa chenye mapunye. Nikadhani ni ukungu. Nikachukua kitambaa cha maji nikazipangusa moja moja, huku nikimshukuru Mungu kwamba mwenye duka hajafika. Lo! Maji na chokoleti hawasalimiani kabisa. Zilipokauka zilikuwa na mabaka ya kutisha, na mwenye duka akafika. Kumbe ule weupe ulikuwa mafuta yake tu yaliyopanda juu kwa joto, ungeweza kuila na tumbo lisiseme kitu. Kwa hivyo mkiona weupe msipige kelele. Jueni tu kwamba duka hilo lina jua au umeme wake unakatika ovyo, mwende kwingine.

Aliyenitoa kwenye dirisha lile ni Nalongo. Hilo si jina lake la kuzaliwa, Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, nasi sote tulimwita hivyo. Alikuwa mpishi wa keki aliyechoshwa na jambo moja: kakao inamea hapa hapa Uganda, kule Bundibugyo chini ya milima, inasafirishwa mbali, kisha inarudi imevaa karatasi ya dhahabu na bei ya kuchekesha. Akakodi vyumba viwili nyuma ya gereji katika eneo la viwanda la Nakawa, akanunua mashine ya kusagia yenye mawe, akanichukua mimi. Alisema hajawahi kumwona muuzaji mwingine akinusa bidhaa kabla ya kutaja bei.

"Mama Kenya," aliniambia siku ya kwanza, na jina hilo likanishika miaka yote, "wewe tanusa. Mimi tapika. Kila mtu na kazi yake."

Tulianza kwa vichekesho. Mbegu za kakao zikishakaangwa lazima maganda yatolewe, na mashine ya kuyatoa hatukuwa nayo. Nalongo akaazima draya ya saluni, ile ya kukaushia nywele, tukawa tunapuliza maganda nayo. Chumba kizima kikajaa vumbi la kahawia, sisi wenyewe tukawa na rangi moja, na fundi wa gereji akaja kuuliza kama kuna moto.

Aliyetucheka mpaka akakaa chini alikuwa Kavira. Huyu ndiye ninayetaka mumjue. Kavira ni Mkongomani wa upande wa Beni, kwao walikuwa na shamba la kakao, na vita vikamtoa huko akiwa na watoto watatu na nguo walizovaa. Alipofika Kampala hakukaa kulia. Alikwenda Bundibugyo, akawafundisha wakulima kadhaa kuzichachusha mbegu kama walivyofanya kwao, akawa anazinunua na kutuletea kwa gunia. Siku nyingine aliuza dagaa wakavu katika soko la Nakawa. Yeye aliwaita ndagala, Waganda huwaita mukene, na hao ndio waliolisha watoto wake kati ya mzigo mmoja wa kakao na mwingine.

"Leta ungo," alisema siku ile ya draya, machozi ya kicheko yakimtoka. "Nyinyi ni banamuke ao ni kinyozi?"

Akapepeta gunia zima kabla ya chai. Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake, ingawa kwenye karatasi mimi ndiye nilikuwa mkubwa. Alinifundisha kuipasua mbegu kwa kisu na kutazama ndani: ikiwa ya zambarau, mkulima alikuwa na haraka, ikiwa ya kahawia yenye mifereji, alisubiri. Alinifundisha kusikiliza kikaango, maana mbegu zilizo tayari hupasuka polepole kama mtu anayekunja vidole. Alinifundisha kupaka tone la chokoleti chini ya mdomo wa chini kabla ya kuimimina kwenye kalibu. Likikupa ubaridi kidogo, mimina. Likiwa na joto la mwili wako, koroga bado. Leo mna vipimajoto vyenye namba za kijani, navipenda, lakini betri ikiisha mdomo mnao.

Na mbegu zake zilikuwa na jambo ambalo sijalikuta kwingine. Ukishameza, unadhani mambo yamekwisha, unakuja uchachu mdogo wa pasheni, unakaa nyuma ya ulimi, kisha unaondoka. Nilimuuliza siri yake. Akasema ni kuzifunika kwa majani ya ndizi, kuzigeuza siku ya tatu, na kuwa na adabu. Nikamuuliza adabu ni nini. Akasema ni kutozifunua kabla ya siku yake ati kwa sababu una hamu ya kuona.

Sasa ndiyo nafika penye uchungu.

Hoteli moja kubwa ilikuwa imetuagiza chokoleti kwa mara ya kwanza. Nalongo aliomba, akafunga, akanunua hata aproni mpya. Kavira akaleta magunia yake Ijumaa. Tulikuwa na desturi, na desturi hii ni nzuri, muishike: mzigo ukifika getini, kabla haujaingia stoo, unachota mbegu kidogo, unazitia kwenye chupa ya kioo, unafunga kifuniko kwa nguvu na kubandika jina la mletaji. Chupa inakaa kabatini, ili kukitokea neno uwe na shahidi. Nilichota mwenyewe. Nikaandika "Kavira" kwa mkono wangu.

Ijumaa ile ile sisi kina mama wa kanisa tulikuwa tunajiandaa kupokea kwaya ya wageni Jumapili. Kazi yangu ilikuwa dagaa. Nikanunua gunia zima huku kwetu Luzira, kwenye mwalo wavuvi wanaposhusha samaki, wazuri wanaong'aa. Lakini kwenye ua wetu kulikuwa na paka wasio na dini. Nikawaza, stoo yetu ya Nakawa ina mlango wa chuma. Nikamwomba mlinzi aliweke humo, siku mbili tu, nikalifunika kwa gunia jingine. Jumapili alfajiri nikalichukua, kwaya ikala ikashiba, ikaimba vizuri sana. Nami nikasahau. Haki ya Mungu nilisahau kabisa, kama unavyosahau ulikoweka mwavuli mvua ikikatika.

Jumatatu tukakaanga. Mashine ikasaga siku mbili mfululizo. Alhamisi, mtu wa hoteli akaja na tai yake kuonja, na Kavira naye akawa amekuja kwa furaha tu, kuona mbegu zake zinavyokwenda kwa wakubwa. Nikaweka kipande ulimini. Kikayeyuka vizuri. Nikameza, nikasubiri pasheni.

Wakaja dagaa.

Yule wa hoteli alikuwa ameshakitema chake kwenye leso. Akashukuru kwa adabu, akaondoka, na oda ikaondoka naye. Nalongo alionja, akashika kichwa.

"Banange! Hii nanuka mukene!" Kisha akanigeukia mimi, na wafanyakazi wote sita wakanigeukia. "Mama Kenya, ulimi yako nasema nini?"

Wanangu, mtu akishazoea kuulizwa, husahau kwamba anaweza kujibu "sijui". Nilimtazama Kavira, nikaona mwanamke anayeuza dagaa sokoni. Sikuona kitu kingine. Nikasema, "Ni magunia. Mbegu hizi zilibebwa kwenye magunia ya dagaa."

"Mama Wakesho," Kavira akasema, taratibu tu, "gunia zangu ni za mupya. Miye sibebaka ndagala mu gunia ya kakao, hata siku moja."

Nami nikajibu maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Ulimi wangu haudanganyi."

Nalongo akamwambia asilete tena. Na kwa kuwa mji una masikio, haikupita wiki, wanunuzi wengine wawili wa kakao nao wakamfungia mlango. Siku ile Kavira alikunja kitambaa chake alichokuwa akifutia ungo, akaniangalia, akaenda. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nasafisha kabati. Nikaikuta ile chupa. Nikaifungua kwa mazoea tu, sikuwa na wazo lolote, nikanusa. Kakao safi. Nikatafuna mbegu moja, nyingine, ya tatu. Pasheni. Samaki hata wa dawa hakuna. Nikakaa sakafuni, na hapo ndipo likanijia gunia langu la kanisa, lilivyokaa pale stoo siku mbili, ubavu kwa ubavu na magunia ya Kavira.

Nilikwenda sokoni kumtafuta. Nitawaambia na hili, maana nimeahidi kutodanganya: nilipoambiwa amehama na hajulikani aliko, nilisikia nafuu. Nikajiambia, basi, nimejaribu. Nalongo sikumwambia. Chupa niliichukua kwangu nikaificha nyuma ya vikombe vya wageni, ikakaa huko miaka kumi na mmoja, na kila nilipotoa vikombe iliniangalia. Watu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona.

Mwaka huu binti yangu Wakesho alirudi kutoka kazini na kipande cha chokoleti alichopewa na mwenzake. Karatasi ya kaki, uzi wa mgomba umefungwa juu, hakuna jina, hakuna simu, hakuna picha ya tembo wala twiga. "Mama, hebu onja, utuambie makosa yake," akasema, maana nyumbani wananichokoza hivyo. Nikaivunja. Ikalia. Nikaiacha iyeyuke, nikameza, nikawa nimeshafungua kinywa kuanza kukosoa.

Pasheni ikaja.

"Mama, vipi? Unalia?"

"Nani kakupa hii? Kainunua wapi?"

Usiku sikulala kwa udadisi na kwa woga, vyote viwili. Labda ni uzee, nikawaza. Labda mkulima mwingine kaijua ile adabu ya kutofunua. Asubuhi nikavaa viatu vya kutembelea. Yule mwenzake alisema aliinunua Kabalagala, lakini duka lenyewe hakulikumbuka, alikumbuka rafu tu. Basi nikapita Kabalagala yote mchana, mtaa ule ambao nyinyi mnaujua kwa mambo ya usiku na mimi nikiujua kwa kuukwepa. Niliingia duka la vipodozi. Niliingia baa, kijana wa kaunta akaniuliza kama nimepotea, nikamwambia nimepotea kwa miaka kumi na mmoja, niletee maji. Nilinusa makabati ya watu mpaka mlinzi mmoja akaanza kunifuata.

Duka la tisa lilikuwa dogo, linauza mayai, daftari na vocha. Mama mwenye duka, Mganda mnene mwenye kicheko, aliangalia ile karatasi ya kaki niliyomwonyesha.

"Iyii, nyabo, hiyo imekwisha. Yenyewe nakuja Alhamisi tu, na saa sita hakuna tena."

"Nani analeta?"

"Mama moja ya Congo. Banange, ule mama nasumbua! Yeye nafika hapa, nafungua kabati, naingiza kichwa ndani, nanusa kama mbwa ya polisi. Siku ya kwanza aliona niko na mukene pale chini. Akabeba vitu yake yote akaenda. Mimi nikamfuata mbio mpaka barabarani! Saa hii siuzi tena mukene. Nimeacha juu yake."

Alicheka. Mimi nilishika meza.

Basi jibu lenu ndilo hilo. Kabalagala, duka la mayai na daftari, upande unaoteremka, Alhamisi kabla ya saa sita. Mkiwa na manukato msiguse, waambieni wawatolee. Lakini mimi sikungoja Alhamisi. Nilielekezwa geti la kijani nyuma ya maduka, nikarudi kwanza Luzira, nikaitoa ile chupa nyuma ya vikombe, na kesho yake asubuhi nikabisha hodi.

Alifungua mwenyewe. Mvi zimemjaa, mgongo bado umenyooka. Tukaangaliana.

"Mama Wakesho," akasema. "Umezeeka."

"Na wewe pia."

"Nawa mikono."

Hilo ndilo lilikuwa karibu yake. Nikanawa kwenye beseni la mlangoni, mara mbili. Ndani kulikuwa kusafi mpaka nikaona haya kukanyaga. Sufuria ya chokoleti ilikuwa juu ya maji ya moto, naye akairudia mara moja, maana chokoleti haingoji mgeni. Akachovya ncha ya kijiko, akanipaka chini ya mdomo, kama zamani, kana kwamba niliondoka jana.

"Iko sawa?"

"Bado ina joto kidogo."

"Eeh. Ulimi na mudomo vingali vizima." Akaendelea kukoroga. Kisha akasema bila kuniangalia, "Nilikuwaka nataka kukuona. Nataka kukupa aksanti."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Ile siku, kule Nakawa, na miye nilionja," akasema. "Ilikuwa samaki. Weye haukudanganya. Nilifika nyumba nikafikiri sana. Gunia ni mupya, sasa harufu njo inatoka wapi? Nikasema, labda ni mikono yangu. Labda ni nguo. Ndagala imeniingia mu mwili, sisikii tena harufu yake. Nikaiacha. Sijauzisha tena ndagala, sijapika, batoto bangu habajuwe tena samaki mu hii nyumba. Tulilala njaa mwanzo, sikudanganye. Lakini ona." Akaonyesha chumba kwa mwiko. "Usafi wote huu ni weye ulinifundisha. Aksanti."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nataka mlielewe hilo. Nimeshukuriwa, nimesamehewa kosa ambalo hata halijatajwa, na mlango uko wazi nyuma yangu. Ulimi hauna mfupa, ungesema "karibu" na tungekunywa chai. Nilimwangalia yule mwanamke aliyejinusa mikono miaka kumi na mmoja akitafuta harufu isiyokuwepo. Nikatoa chupa kwenye mkoba, nikaiweka mezani.

Akasoma jina lake. Akasogeza sufuria kando, akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena, muda mrefu, macho amefumba.

"Hii ulitoa wapi?"

"Getini. Ijumaa ile, kabla magunia hayajaingia stoo. Ni mzigo wako ule ule."

"Na samaki?"

"Samaki walikuwa wangu. Gunia la kanisa. Niliwaweka stoo siku mbili, karibu na kakao yako."

"Ulijuwa wakati gani?"

"Wiki tatu baadaye."

"Wiki tatu," akasema. Akafunga chupa. Akavua aproni yake polepole, akaitundika kwenye msumari. Nikadhani ananifukuza, nikainuka. Akaniwekea mwiko mkononi.

"Koroga. Usiache ishike."

Akatoka. Nikasikia geti likigonga.

Nilikoroga. Mara kumi niliwaza kukimbia, na mara kumi nikawaza, nikikimbia chokoleti itashika chini, nitakuwa nimemharibia mara ya pili. Labda amekwenda kuita majirani. Labda amekwenda kulia mahali nisipomwona. Nikapaka tone mdomoni: bado. Nikakoroga. Nikapaka tena: ubaridi kidogo. Sasa ningemimina bila ruhusa? Chokoleti ikifika imefika. Nikapanga kalibu zake, nikamimina, nikazigonga mezani moja moja ili povu litoke, huku machozi yakinitoka na mimi nikigeuza uso pembeni yasidondoke ndani. Maji na chokoleti hawasalimiani.

Geti likagonga tena. Hakuingia ndani. Akaniita kutoka uani.

"Mama Wakesho! Toka inje!"

Nikatoka. Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa ua, mbali na mlango, na mkononi ameshika kavera, ule mfuko wa plastiki, umejaa. Harufu ilinifikia kabla sijauona vizuri. Dagaa.

"Batoto bangu bamekula maharage miaka kumi na moja juu ya ulimi yako," akasema. "Leo unapika weye. Hapa inje. Ndani haiingie."

Nikapika. Sigiri iliwekwa chini ya ukuta wa mwisho, nikawachambua wale dagaa vichwa, nikawaosha maji matatu, nikakaanga vitunguu na nyanya. Yeye alikaa kwenye kigoda, mikono amekunja, ananitazama kama mkaguzi. Bintiye mkubwa, mwanamke mzima sasa, aliporudi kutoka kazini alisimama getini akiwa ameduwaa.

"Mama, nani anapika samaki kwetu?"

"Huyu," Kavira akasema.

Hakuniambia amenisamehe, msiniulize. Aliniambia neno moja tu, nikiwa nimeinama kwenye moshi: "Vile ulisema mbele ya batu, utasema tena mbele ya batu." Nikamwambia nitasema. Nalongo nilimpigia simu jioni ile ile; akasema "Banange, Mama Kenya," akakata, na kesho yake akamfuata Kavira mwenyewe. Na nyinyi ndio hao watu wengine, ndiyo maana mmesoma kurasa hizi zote kwa swali la chokoleti.

Mchuzi ulipoiva, Kavira alisogeza kigoda karibu.

"Iko namna gani?" akauliza.

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, na kinywa changu kimeshazoea kutoa hukumu. Nikamgeuzia yeye mpini.

"Onja wewe," nikasema. "Nitasikia utakalosema."

Akaonja. Akafumba macho kama alivyofumba kwenye chupa, akakaa hivyo mpaka bintiye akaanza kuniangalia.

"Inaomba chumvi," akasema.

Nikainuka nikaleta chumvi.